Maswali ya wageni wangu: makumbusho, ngoma na sherehe za Unguja na Pemba

Kila msimu simu yangu haitulii. Shemeji yuko Morogoro, rafiki wa mke wangu yuko Mombasa, mtoto wa mjomba kamaliza chuo Dodoma na anataka "kuja kuiona Zanzibar" kwa siku mbili. Wote wanauliza yale yale. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja ili nipumzike kurudia. Mie ni mtu wa Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na kutembeza wageni si kazi yangu. Nawatembeza wa nyumbani tu, na baadhi ya haya nimeyajua kwa kuumbuka.

Beit el Ajaib iko wazi? Picha yake naiona kila mahali.

Usipange safari juu yake. Jumba lile alilijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza hapa kwetu kuwa na umeme na lifti, ndipo watu wakaliita la ajabu. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka na wageni wakafungiwa mlango. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea kwa msaada wa Oman, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki.

Jioni ile nilikwenda kuangalia, na nusu ya mji ilikuwa pale. Watu walisimama kimya. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa akihesabu nguzo kwa kidole, anafika pale penye kifusi, anarudi kuanza upya.

Ndani mlikuwa na mfano wa mtepe, chombo cha zamani cha pwani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Wageni wangu wengi walikuwa wakiupita kwa dakika mbili, wanakimbilia roshani kupiga picha ya bahari, na mie nikiwaacha. Sasa mtu akiniuliza habari za vyombo namwambia aende Nungwi, ufukweni, asubuhi. Mafundi bado wanaunda majahazi kwa tezo na keekee, wanatia kalafati kwenye nafasi za mbao. Hapana tiketi wala kioo. Toa salamu, kaa kivulini, uliza chombo ni cha nani na kitaitwaje. Fundi akiona una subira atakuonyesha mwenyewe taruma, zile mbavu za chombo, zinavyopangwa.

Basi nikitaka makumbusho hasa, yenye tiketi na vitu vya kuangalia, niende wapi?

Anza na Jumba la Kasri, jirani na hilo la Ajaib, hapo hapo Forodhani mbele ya bahari. Masultani walikaa humo tangu 1911 mpaka Mapinduzi ya 1964, na tangu 1994 ni makumbusho. Watu wanaingia wakitarajia dhahabu. Mie kilichonifurahisha kuliko viti vya fahari ni makabati ya fomaika ya miaka ya hamsini: Sultani naye alikuwa akifuata fasheni kama mama yangu.

Jumba hilo silo lile la mwanzo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga makombora hapo kumng'oa Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti baada ya Seyyid Hamad kufa. Vita vilidumu kama dakika 38. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini. Unaposimama Forodhani na mshikaki mkononi, unatazama bahari ile ile.

Humo ndani kuna chumba cha Bi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Wakati wake watoto wa kike walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili aya za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 akaondoka na mimba ya Mjerumani, mfanyabiashara wa Hamburg, na miaka ishirini baadaye akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Ukiwa na binti anayesumbua kufanya kazi za skuli, mpeleke chumba kile.

Lipo pia Beit el Amani, Mnazi Mmoja, lile jeupe lenye kuba, la mwaka 1925. Alilichora J. H. Sinclair, Mwingereza aliyependa kuchanganya kuba, matao na mapambo ya kila dini mpaka watu hawajui ni msikiti au ni nini.

Neno moja kabla hujatoka ulikofikia: majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikandaa, na yamechoka. Leo liko wazi, wiki ijayo limefungwa kwa matengenezo. Piga simu au mtume mtu akaulizie. Niliwahi kuwapeleka wakwe watano mahali fulani, jua la saa saba, nikakuta kufuli. Safari nzima ya kurudi mama mkwe hakusema neno.

Vile vyumba vya watumwa pale Mkunazini ni vya kweli?

Swali zuri, na nashukuru anayeliuliza kabla ya kushuka ngazi.

Lililo hakika ni hili: pale palikuwa na soko la watumwa, na lilifungwa mwaka 1873 Seyyid Barghash aliposhinikizwa na Waingereza kutia saini mkataba. Wamisheni wa Kianglikana wakaweka msingi wa kanisa siku ya Krismasi mwaka huo huo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na aliyeandika mengi juu ya Kiswahili cha Unguja. Madhabahu imewekwa pale panaposimuliwa kwamba ulikuwapo mti wa kuchapia watu viboko. Kuna msalaba wa mbao za mti uliosimama mahali moyo wa Livingstone ulipozikwa, Chitambo, Zambia. Na zipo nguzo karibu na mlango zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husemwa mafundi walifanya hivyo Steere hayupo, aliporudi akaziacha.

Vyumba vya chini, vile vya giza ambamo mwongozaji atakwambia walilazwa watu kadhaa na mnyororo, vimo chini ya jengo ambalo wamisheni walilijenga baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wamelitilia shaka simulizi la vyumba vile kwa sababu hiyo hiyo. Basi usitoke hapo ukidhani shaka ya vyumba ni shaka ya soko. Soko lilikuwapo, watu waliuzwa, na babu za baadhi yetu tunaokaa Unguja leo walipitia hapo. Nje kwenye bustani kuna sanamu za watu watano shimoni, wamefungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs. Mie huishia pale. Mgeni akitaka kushuka vyumbani namsubiri juu.

Huko Mangapwani nako kuna chumba kilichochimbwa kwenye jiwe. Kilitumika kuficha watu baada ya biashara kupigwa marufuku, maana sheria ilipotangazwa mjini, wenye tamaa walihamia shamba.

Lazima nichukue mwongozaji?

Kwa Mji Mkongwe, ukiwa na saa mbili tu, ndiyo. Ukiwa na siku nzima, potea. Vichochoro vile havina upana wa kukupoteza mbali: ukitembea kwa robo saa upande wowote utatokea baharini au barabara ya Darajani. Mara ya kwanza nilipojitia kumwongoza mgeni tulimpita muuza kahawa mmoja mara tatu. Ya tatu alitumiminia vikombe viwili bila kuulizwa.

Mwongozaji halali ana kitambulisho, na hakasiriki ukimwomba akuonyeshe. Anayekudaka bandarini, anakubebea begi kabla hujajibu salamu na kukuita "ndugu yangu" mara sita, huyo ni papasi. Papasi si lazima awe mwizi. Wengine ni vijana wazuri waliokosa kazi. Lakini bei yake huijui mpaka mwisho, na mwisho haifanani na mwanzo. Mkubaliane bei mkiwa bado mmesimama, na umwambie wazi kama ni kwa kichwa au kwa kundi zima.

Kuna bei ya wenyeji?

Sehemu nyingi zipo mbili, ya raia na ya mgeni wa nje, na tofauti si ndogo. Njoo na kitambulisho chako cha taifa. Usitegemee lafudhi yako ikutetee.

Milango ile ya nakshi, nitajuaje ninachokiona?

Angalia juu kwanza. Mlango wenye kichwa cha mraba ni wa mtindo wa Kiarabu, mara nyingi wa zamani zaidi. Wenye tao juu umekuja na mafundi wa Kihindi na matajiri wa mwisho wa karne ya 19. Mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, samaki, yungiyungi, majani ya mtende, kila kimoja wenyeji watakupa maana yake, na maana hizo hutofautiana nyumba na nyumba, kwa hiyo zichukue kama hadithi. Njumu za shaba asili yake India, ambako husemwa zilizuia ndovu wasigonge malango. Unguja hatuna ndovu. Tulizipenda tu.

Kilicho chini ya mlango ndicho wageni wanachokiruka: baraza. Benchi lile la jiwe lililoshikana na ukuta ndiyo sebule ya wanaume wa mtaa, ndiyo gazeti, na wakati wa uchaguzi ndiyo bunge. Kaa. Ukikaa na kusema "salamu aleikum" hapana atakayekuuliza unataka nini mpaka umalize kahawa. Nenda Jaws Corner saa kumi jioni, agiza kahawa chungu na kashata, usikilize. Usianze wewe habari za siasa.

Mwaka Kogwa: kweli watu wanapigana? Nitapigwa?

Wanapigana kweli. Hupigwi kama hujaingia.

Sherehe hii hufanyika Makunduchi, kusini ya Unguja, mwezi wa Julai. Ni siku ya kwanza ya mwaka wa jua wa Nairuzi, ambao husemwa ulikuja na Washirazi. Mwaka huo una siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Wazee wanauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, na wakulima na wavuvi walikuwa wakijua kwa mwongo gani mvua inakaribia na kwa mwongo gani upepo unageuka. Kalenda ya ukutani haikwambii hayo.

"Kogwa" ni kukogwa, yaani kuoga. Mwaka unaogwa: watu wanajisafisha na ya nyuma, na asubuhi wengi huingia baharini hasa. Baadaye wanaume wa pande mbili za mji wanakutana uwanjani na mabua ya migomba. Zamani ilikuwa mwenye kinyongo na mwenzake anakimaliza hapo, mbele ya watu, kisha hakitajwi tena. Siku hizi kuna mchezo mwingi ndani yake, lakini bua la mgomba lililoloa maji likikupata la mbavu hutaona mchezo. Wakati wao wanapigana, wanawake wanapita wamevaa nguo zao nzuri wakiimba. Kama hujui Kikae, kilugha cha Makunduchi, shukuru Mungu: maneno mengine hayafai kutafsiriwa mbele ya mkwe.

Kisha banda la makuti linawashwa moto na mtu akiwa ndani, anachomoka upande wa pili. Watu wanashangilia, ngoma zinaanza, sufuria zinafunuliwa.

Hapa ndipo penye kosa la wageni. Wanakuja kwa basi la watalii saa nane, wanapiga picha za moto, saa kumi wamekwishaondoka. Wamekosa jambo lenyewe. Makunduchi wanaamini nyumba isiyopata mgeni siku ile ni nuksi. Wewe ukialikwa kula, unamfanyia mwenye nyumba fadhila, naye anajua hivyo. Ingia, nawa, kula. Ukikataa kwa adabu za mjini, "hapana asante nimeshiba," umemnyang'anya kitu. Mwaka mmoja nilikula nyumba tatu na jioni nikashindwa kukaa kwenye gari.

Taarab naisikilizia wapi, na ile ya kutoa hela nifanyeje?

Ya asili utaipata kwenye vikundi vikongwe. Ikhwani Safaa kilianza 1905, Culture Musical Club 1958. Uliza mazoezi yao lini. Kusikiliza mazoezi mara nyingine ni bora kuliko onesho, kwa sababu unaona fidla, kanuni, udi na akodioni vinavyosubiriana, na mwalimu anavyokasirika. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanza 2002, kinafundisha vijana muziki huo huo na hufanya maonesho ya jioni.

Hadithi unayoipewa kila mahali ni kwamba Seyyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, taarab ikaanzia kasrini. Sawa. Lakini aliyeitoa kasrini ikaja kwetu ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, mfinyanzi aliyekuwa akitembeza vyungu mjini, akaiimba kwa Kiswahili, akasafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Kabla yake ilikuwa ni Kiarabu cha wakubwa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa akisema wazi kwamba nyimbo nyingi alizichukua kwa Siti.

Sasa kutuza. Noti unaishika mkononi, unakwenda mbele kwa mwendo wa wimbo, pole pole, unampa mwimbaji au unamwekea, unarudi. Usirushe. Na usiende kwa beti yoyote tu. Nyimbo hizi ni za mafumbo; mwenye kutuza katika beti fulani huonekana kaichagua kwa sababu, na kuna mtu anamlenga. Rafiki mwingine wa mke wangu, mgeni wa Dodoma, alipendezwa na sauti akainuka na noti ya elfu kumi. Beti ilikuwa inamsema mke mdogo. Ukumbi mzima uligeuka kumtafuta mume wake, maskini, aliyekuwa amekaa anakula karanga.

Sauti za Busara au tamasha la filamu, nichague lipi?

Yote mawili hukaa Ngome Kongwe, ile waliyoijenga Waomani mwisho wa karne ya 17 baada ya kuwafukuza Wareno, juu ya mahali palipokuwa na kanisa lao. Busara ni Februari, muziki wa Afrika wa jukwaani, lilianza 2004 na mwaka 2016 likakosa kufanyika kwa ukosefu wa fedha. La filamu, tunaloliita ZIFF, ni la katikati ya mwaka, tarehe hubadilika.

Kama unapenda kusimama mpaka saa nane usiku, Busara. Maandamano yake ya ufunguzi ni bure na mie huyapenda kuliko jukwaa, hasa likiwapo bendi la matarumbeta, tunaloliita mbwa kachoka, na watoto wa mtaa nyuma yake. Nyumba za kulala wiki ile hupanda bei na kujaa, kwa hiyo mwenye shangazi Unguja amkumbuke mapema, si kwa simu ya "nipo bandarini".

Nikija Ramadhani nitaona nini?

Mchana, karibu hakuna. Ngoma na taarab zinasimama, mikahawa mingi inafungwa, na kula au kunywa maji njiani ni utovu wa adabu kwa yeyote, awe wa dini gani. Lakini mwezi huo una usiku wake. Baada ya futari mji unaamka, Forodhani inajaa, watoto wanacheza mpaka saa sita. Ukiweza kualikwa kufuturu nyumbani kwa mtu, achana na kila jumba la makumbusho lililoandikwa humu.

Ikikaribia Ramadhani kuna vunja jungu, watu wanakula na kustarehe kabla ya kufunga. Ikiisha kuna sikukuu, na hiyo ni ya watoto. Nenda Mnazi Mmoja jioni ya Idi uone nguo mpya, pembea, ubuyu na kelele. Siku nne.

Naweza kupiga picha?

Majengo, piga. Watu, omba kwanza. Ukikataliwa shusha simu, usijifanye unapiga ukuta. Watu wanaosali, hapana. Bandari, kambi na nyumba za serikali, hapana kabisa. Ngoma ya unyago kama umebahatika kuwa karibu nayo, weka simu mkobani na usithubutu. Hilo ni la wanawake wenyewe.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe ukiwa mjini na vijijini. Bikini ni ya ufukweni. Mwanamke aje na kanga au mtandio mkobani, utamfaa kila mahali, hasa ukienda Kizimkazi Dimbani kuona msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ukutani kwenye kibla. Kwa nje paa la mabati litakudanganya udhani ni msikiti wa juzi. Viatu nje, mwone msimamizi, toa chochote cha msikiti. Misikiti mingine usiingie kama si Muislamu, ila umealikwa.

Mama yangu ana magoti mabovu.

Ngazi za majumba ya zamani ni wima na za juu. Mkalishe Forodhani kwenye kivuli na juisi ya miwa, wewe panda.

Nina watoto watatu, watachoka haraka.

Kisiwa cha Changuu. Boti kama nusu saa, kobe wakubwa ambao wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na jela iliyojengwa 1893 ambayo haikuwahi kuwa jela, ikawa karantini ya wagonjwa. Watoto watataka kukaa juu ya kobe, wakataze. Msituni Jozani nako kuna kima punju, ambao asili yao duniani kote ni Unguja tu, na hawaogopi watu. Makumbusho waachie siku ya mvua.

Kuna makumbusho ya Freddie Mercury?

Lipo, Shangani, tangu 2019. Alizaliwa hapa 1946, Farrokh Bulsara. Anayependa nyimbo zake ataridhika.

Pemba kuna nini? Kila mtu ananiambia haina kitu.

Anayekwambia hivyo alikwenda kutafuta Forodhani akaikosa. Pemba hawakukimbilii na vipeperushi. Ni lazima uulize, na ukiuliza watakuacha kidogo wakupime, kisha watakupeleka wenyewe.

Panda boti mpaka Mkoani, gari mpaka Chake Chake. Makumbusho yamo ndani ya ngome ya zamani, karibu na hospitali, madogo na yamepangwa vizuri. Anza hapo ili unayoyaona baadaye yawe na maana. Halafu Pujini, kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Jina lenyewe ni "mkamua wanaume", na wazee wanasimulia kwamba aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Ngome yake ya karne ya 15 sasa ni kuta zilizomezwa na miti. Kuna kisima ambacho husimuliwa kilitengwa kwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Mwongozaji wangu, kijana wa pale pale, alisema, "Babu alijua kutawala, lakini kwa wake wawili alishindwa."

Ras Mkumbuu ni mbali zaidi, uendee kwa mtumbwi au mashua, na uangalie maji. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mnara, na wengi wanapahusisha na Qanbalu, mahali palipotajwa na Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu, katika karne ya 10. Hapana atakayekusumbua huko. Mie nilikaa saa nzima nikisikia mawimbi na ndege tu.

Na mchezo wa ng'ombe, ukibahatika. Fahali anafungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa nguo, zumari inapigwa, wanawake wanaimba, na kila akirusha pembe uwanja mzima unakimbia kisha unarudi kucheka. Fahali hauawi. Watu husema ni mabaki ya Wareno. Mzee mmoja wa Kengeja nilipomtajia Wareno alinijibu kwamba wao walikuwa na ng'ombe kabla Mreno hajajua bahari. Hawatangazi tarehe kwenye mtandao. Uliza kwenye vibanda vya kahawa.

Ongeza Kidike kwa ajili ya popo wa Pemba, wakubwa kama paka, waliokaribia kumalizwa kwa kuliwa na sasa wanalindwa na wanakijiji. Na wakati wa mavuno, harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara. Hiyo haina kiingilio, ila usizikanyage na usijichotee. Karafuu ni fedha ya mtu.

Nina siku mbili tu.

Basi usiende Pemba, utaikosea heshima. Siku ya kwanza Mji Mkongwe kwa miguu: Kasri kama liko wazi, Mkunazini, baraza la kahawa, magharibi Forodhani. Siku ya pili toka mjini mapema: Mtoni alikozaliwa Bi Salme, halafu hamamu ya Kidichi aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, kisha chagua njia moja, kaskazini kwa mafundi wa Nungwi au kusini kwa msikiti wa Kizimkazi. Si zote mbili. Anayetaka zote mbili huishia kuona vioo vya gari.

Nikifikia kwa watu nilete zawadi gani?

Ukija mikono mitupu utapokewa vile vile. Lakini mchele wa Mbeya hapana nyumba ya Unguja itakayoukataa, na watu wa milimani wakileta viazi na maharage mazuri mke wangu hufurahi kuliko kitenge. Shemeji wa Morogoro, wewe zako ni ndizi mzuzu, unajua. Safari hii zitie kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki huku ni marufuku, na mara ya mwisho ulinifanya nizibebe kwenye kofia kutoka bandarini mpaka nyumbani.